Waliogombea Tumbo Langu

Mbegu za papai zikianikwa juani na kutwangwa hutoa harufu inayopanda puani kama pilipili manga. Hadi leo nikikutana nayo sokoni nabadilisha njia. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Nambambo, kijiji cha bibi yangu, ingawa kabla ya Nambambo kulikuwa na barabara. Nilikuwa darasa la pili ndoa ya baba na mama ilipovunjika. Mama alinichukua kutoka Temeke akaniambia tunakwenda kwao Nachingwea, nami nikadhani ni mahali pa kwenda na kurudi. Barabara ya kusini ya miaka ile, tena wakati wa mvua, ilikuwa adhabu. Tulisubiri kivuko cha Rufiji mpaka mihogo ya kuchemsha tuliyofungasha ikaanza kuteleza mkononi, tukakwama kwenye tope la upande wa Kilwa, wanaume wakashuka kusukuma, na kila mara basi lilipoyumba nilitapika. Nilitapika kwenye mfuko, nikatapika kwenye kanga ya mama, mwishowe sikuwa na cha kutapika. Bibi mzaa mama alikuja kutupokea stendi. Hakunisalimia kwanza. Alinibonyeza tumbo kwa vidole viwili, akasema na mama kwa Kimwera, ambacho sikukielewa, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mume wangu huyu wameniletea mbovu." Waliokuwa karibu wakacheka. Ni utani wa kawaida kwetu, bibi kumwita mjukuu mume, lakini ndio ulionitangaza. Tangu siku ile sikuwa mtoto mwenye jina. Nilikuwa tumbo.

Kusema kweli tumbo lenyewe lilikuwa na sababu zake. Lilizoea wali na mkate, likakutana na ugali wa muhogo unaovutika, mbaazi, kisamvu, na asubuhi ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa huko, vya kuchemsha kwa chumvi na pilipili. Nilivimba, nikajaa gesi, nikawa wa kukimbilia chooni nyuma ya migomba. Pengine ningeachwa tu ningezoea, lakini hakuna aliyefikiria kuniacha. Alfajiri, kabla sijatia chochote mdomoni, bibi alinipa kijiko cha mbegu za papai. Jioni nilikunywa maji ya mwarobaini, machungu kiasi cha kuufanya ulimi ukatae kurudi mahali pake. Siku nilizovimba sana alidondoshea kwenye uji wangu utomvu wa papai bichi. "Huu unalainisha nyama ya mbuzi mzee," alimwambia mama, "utashindwa na ugali?" Nikiharisha, alisema dawa ni kidogo, akaongeza. Nikipata nafuu, alisema dawa imeanza kufanya kazi, akaongeza pia.

Mpinzani wake alikuwa mwanawe mwenyewe, mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa na duka la dawa baridi mjini Ruangwa, na alivaa saa hata akienda shamba. Siku alipodandia lori kuja kunitazama alileta kopo la vidonge vya manjano. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayehutubia, kwamba chakula husagwa na vimeng'enya, kwamba vyangu vilikuwa pungufu, na kwamba vilivyopungua vimo kwenye kopo lile. Mbegu na majani, alisema, ni chakula cha mbuzi.

"Nilikulea wewe kwa mbegu hizihizi," bibi akamjibu. "Nilikuwa nafuga mbuzi?"

Wangeishia kutaniana ningewasamehe wote. Lakini kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu yake ni la mjomba. Yeye ndiye anayeulizwa mtoto asome wapi, aende jandoni lini, aishi kwa nani. Mjomba wangu alikuwa na mabinti pekee, duka, na shamba la mikorosho lililohitaji mikono. Akasema nipewe muda mpaka korosho zianze kudondoka. Nikipona kwa mbegu, nitabaki Nambambo na mama yangu. Nisipopona, atanichukua Ruangwa anitibu mwenyewe. Bibi alikubali kwa kiburi. Mama alikuwa anamenya mihogo, akaendelea kumenya.

Basi nikaamua kupona. Kila asubuhi nilisema nimelala vizuri. Nilitafuna mbegu zile bila kukunja uso na kuomba nyingine. Haja iliponibana nilizunguka mbali, nikapita kati ya mikorosho nisionekane na mtu, nikarudi nikiimba. Nilikuwa nimeachwa na baba, na sikuwa tayari kumpoteza mama kwa sababu ya gesi. Bibi aliniamini, akajisifu kisimani, na wanawake wakaanza kumwomba mbegu. Mama aliniangalia tu. Usiku nililala mkekani pamoja naye nikiwa nimebana tumbo kwa magoti ili lisiungurume akasikia.

Korosho zilipoanza kudondoka, kijiji kizima kikinuka mabibo, mjomba alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hakuniuliza ninaendeleaje. Aliagiza chakula, akanipakulia kwa mkono wake ugali mkubwa na mbaazi, akasema nile mbele yao. Nikala wote, nikalamba na sahani. Mjomba hakuondoka. Alianza mazungumzo ya salfa ya kupulizia mikorosho, akahamia kwenye mvua, akarudi kwenye salfa, na muda wote jicho lake lilikuwa kwangu. Jasho lilinitoka. Nilihesabu miti, nikauma shavu kwa ndani, mwishowe nikasimama kukimbia na sikufika chooni.

"Mmeona wenyewe," mjomba akawaambia wazee.

Bibi akasema, "Umemlisha kama unajaza gunia," lakini wazee walikuwa wameshaanza kuvaa viatu. Mama akaniosha. Alipoingia ndani kunitafutia kaptura nyingine nilimfuata, nikaona nguo zangu zote zimekunjwa na kufungwa kwenye kanga, fundo limekazwa. Hakuzikunja wakati ule. Alikuwa amezifunga tangu asubuhi, kabla mjomba hajafika na kabla sijala hata tonge.

Ruangwa, kazi ya kunipa vidonge alipewa mke wa mjomba, Mama Zainabu. Hakunipa hata kimoja. Alivimeza mwenyewe, maana tangu ajifungue mtoto wake wa mwisho tumbo lilikuwa likimsumbua, na mumewe hakuwahi kulibonyeza la kwake. "Wewe kula, kacheze," aliniambia. "Mgonjwa wa nyumba hii ni mimi." Nikala ugali uleule na mbaazi zilezile, bila mbegu, bila mwarobaini, bila vidonge, na kabla msimu wa korosho haujaisha nilikuwa mzima kama jiwe. Mjomba akanigeuza tangazo. Mteja akiingia dukani ameshika tumbo, naitwa kutoka shambani, napandishwa kwenye stuli, nafunuliwa shati. "Huyu mpwa wangu aliletwa hapa maiti," anasema. Watu wananunua, mimi narudi kupalilia.

Mama alikuja kunitazama wakati wa mavuno ya ufuta. Nilisubiri abaki peke yake, nikamweleza yote: kwamba vidonge sikuvigusa, kwamba nimepona bila dawa ya mtu yeyote, kwa hiyo hakuna tena sababu ya mimi kukaa pale. Alicheka kidogo kwa habari ya Mama Zainabu. Kisha akasema, "Mjomba wako ameshasema." Nikamuuliza na yeye mwenyewe amesema nini. Akanituma maji.

Siku hizi lami imefika na safari ile haina tena tope. Nimeishi Tunduru, Songea, Mbeya, Tanga, na hakuna mji ambao nimekaa mpaka majirani wakaacha kuniita mgeni. Kila nilipofika nimekuta watu wanahangaika na matumbo yao. Zamani walinong'ona kwa muuza dawa, sasa wanatumiana kwenye simu: unga wa mlonge, siki ya tufaha, vidonge vya vimeng'enya vya kutoka nje, na wananiuliza mimi, mtu wa kusini, kipi ni bora. Najua papai lina kimeng'enya cha kweli. Najua pia wapo watu ambao miili yao inakosa vimeng'enya, na vidonge huwasaidia wakiandikiwa na daktari. Sina ugomvi na papai wala na kidonge. Ugomvi wangu ni na mkono unaoshika kijiko. Mtu akiniambia anamchagulia mtoto dawa ya tumbo, namuuliza mtoto huyo anaogopa nini, na wengi hukasirika. Wakasirike. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bado napakumbuka Nambambo, mabibo yaliyopasuka njiani, bibi akiniita mume wake mbele za watu, na nikipakumbuka tumbo linauma kweli.

Nilipomaliza kidato cha nne mjomba alitaka nibaki niangalie mikorosho. Nilitoka alfajiri bila kumuaga, nikapata gari la Nachingwea, nikafika Nambambo jua limeshapanda. Bibi alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa shambani akipalilia mihogo. Nikamwambia naondoka, na kwamba sitarudi. Alisimama na jembe, akanitazama kuanzia viatu mpaka begi.

"Umeaga kwa mjomba wako?"

"Sijaaga."

"Basi na kwangu hujaaga," akasema, akainama, akaendelea kupalilia. Nilimsubiri mpaka alipofika mwisho wa tuta, pale ambapo lazima mtu ageuke ili aanze jingine. Aligeuka, uso ukiwa chini, akaanza jingine. Nikaenda stendi.