Kitambaa cha Kuwakaribisha Wajapani

Mkasa huu huwa siusimulii nikiwa na watu wa kijijini kwetu, kwa sababu wao wanaujua kuliko mimi na kila mmoja ana lake la kuongeza, lakini kwa kuwa ninyi mmeniuliza kwa nini mawifi zangu wananiita Mjapani, acha niseme, na mkicheka nitawasamehe, maana mpaka leo nikiwa peke yangu na cherehani ikinijia ile siku uso unapata moto kama nimeinamia jiko.

Mnajua mimi ni fundi wa nguo, na wakati huo nilikuwa nimepanga kibaraza cha duka kijijini kwetu, mwendo mfupi tu kutoka Ikungi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa vitu na mitumba inamwagwa chini kila siku ya mnada, na sisi mafundi tukaanza kupata taabu, kwa sababu mtu aliyezoea kuniletea kitambaa nimshonee gauni la Krismasi au la Idi sasa anainama kwenye rundo, anaokota gauni la Ulaya lenye vifungo vyote, halafu anakuja kwangu nimpunguzie mikono tu. Siku nzima napiga miayo.

Nyumba ya jirani alikuwa akiishi dada wa Kijapani, Yumi, aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari. Alikaa miaka miwili, akajifunza kula mlenda bila kukunja uso, na alipoondoka akaniachia kitabu cha katuni, kinene kama tofali, akaniambia, "Hadija, angalia picha, utacheka." Kwa Kijapani mimi nilikuwa najua maneno mawili, la kusalimia mchana na la kusema asante. Mawili tu, naomba mlikumbuke hilo.

Sasa kile kitabu. Sijui niwaelezeje. Kuna binti mdogo mwenye nywele za kusimama, anatembea na mwiko wa kupikia, na ule mwiko ndio wa uchawi, lakini kila akiutumia mambo yanakwenda kombo: anataka moto uwake, sufuria inaota miguu na kukimbia, anataka mvua ikatike, samaki wanadondoka kwenye mapaa. Kuna kijana anayempenda ambaye kila akipiga chafya anageuka mwavuli (sikuwahi kuelewa kwa nini). Kuna jeshi la figili zenye mikuki. Ukigeuza ukurasa unacheka mpaka mbavu zinauma, unaofuata kuna vita vya kweli watu wanalia, unaofuata wanapika, tena chakula kimechorwa mpaka unasikia njaa, na katikati ya mapishi anatokea mzimu, na mzimu wenyewe ana aibu. Mimi nilikuwa nimezoea vitabu vya mapenzi kuwa vya mapenzi na vya upelelezi kuwa vya upelelezi. Hiki kilikuwa na vyote, na hujui ukurasa unaofuata utakuliza au utakuchekesha, ndiyo maana hukiweki chini.

Kosa langu lilikuwa dogo sana. Siku moja Mama Salome alikuja kupunguza sketi, akanikuta nimekiinamia, akauliza, "Kwani wewe unajua kukisoma?"

Ningesema hapana. Lakini alikuwa ananiangalia kwa heshima fulani ambayo sikuwa nimeiona tangu mitumba ije, nikasema, "Kidogo."

"Hebu nisomee."

Basi nikamsomea. Yaani nikatunga, nafuata picha, nawapa maneno. Sketi ilikwisha, Mama Salome hakuondoka, na kesho yake akaja na wenzake watatu, mmoja kashika shuka la kukunja pindo ambalo nina hakika lilikuwa halina shida yoyote. Ndani ya mwezi kibaraza kikajaa. Vijana wakawa wanakuja kwa ajili ya vita vya figili, akina mama kwa ajili ya kijana wa mwavuli, na mwalimu mmoja wa dini alikuja kuuliza kama ni uchawi, nikamwambia ni uchawi wa kuchekesha, akakaa kusikiliza ili ahakikishe, akawa anahakikisha kila Jumanne. Na kazi zikarudi, jamani. Mtu akija kusikiliza anaona haya kukaa bure, analeta suruali.

Aliyekuwa hakosi ni mama mkubwa Maria, dada yake mama yangu. Yeye hakujali figili wala mwavuli. Kitabu, kama nilivyokisoma mimi, kilianza na binti yuko mezani na mama yake na watu wengi, wanakula na kucheka, halafu kidogo kidogo anawapoteza wote, na ukurasa wa mwisho amesimama peke yake kwenye mvua na mwiko wake. Mama mkubwa alifiwa na mama yake akiwa hajang'oa meno ya utoto, akalelewa nyumba hii na ile. Siku tuliyofika kwenye mvua wengine walisema loo, wakafungasha, yeye akabaki.

"Na mama yake je?"

"Ndiyo mwisho, mama mkubwa."

"Hawezi kuachwa hapo. Hakuna kitabu cha pili?"

Nikasema kipo, kiko njiani, nimeandika barua. (Barua gani, sikuwa hata na anwani.) Akawa anapita kila baada ya siku mbili tatu kuuliza kama posta wameleta.

Sasa sifa zikafika kwa mtendaji wetu, Bwana Hango, mtu mwema ila anapenda shughuli zake zipendeze. Kulikuwa na Wajapani waliotuchimbia kisima cha pampu, walikuwa wanakuja kukikabidhi, na ilisemekana wakiridhika wataweka pampu ya pili kule zahanati, ambako wagonjwa walikuwa wanakwenda na ndoo zao. Akaja kibarazani.

"Fundi, nimesikia unakijua Kijapani."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Watu kama wanane walikuwa wamekaa, wote wananiangalia kwa fahari, kama mimi ni mtoto wao niliyefaulu. Nikasema, "Si sana, Bwana Mtendaji."

"Sisi hatutaki sana. Utawasalimu, na utatushonea kitambaa cha kuwakaribisha kwa lugha yao. Watashangaa wenyewe."

Nilikaa na kile kitabu siku nne nikitafuta neno la kukaribisha. Nikapata ukurasa ambao binti amesimama mlangoni, mikono juu, mdomo wazi, mbele yake watu wengi, na maneno yameandikwa makubwa yenye miale pembeni. Nikajiambia, mtu anayesimama mlangoni na kunyoosha mikono mbele ya wageni anasema nini kingine? Nikayanakili mstari kwa mstari kwenye karatasi, nikakata vitambaa vyekundu, nikavishonea kwenye shuka jeupe la mita nne. Niseme ukweli, ile ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kushona. Pindo zimelala, kona zimekaa.

Siku yenyewe ilifika, kisima kimepambwa, ngoma zipo, kuku wameshachinjwa, na kitambaa changu kimefungwa kati ya miti miwili, upepo wetu ule unakijaza mpaka kila herufi inaonekana kutoka barabarani. Magari mawili yakaingia. Wakashuka wageni watano, na wa mbele ni mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani. Akainua macho kwenye kitambaa. Akasimama. Nyuma yake kijana mmoja wao akasoma, akaweka mkono mdomoni, akageukia gari, mabega yanatikisika.

Mimi nikaona wameguswa.

Bwana Hango akanivuta mbele na kipaza sauti. Nikatoa ile salamu ya mchana, nikainama. Yule mama akainama, akaniambia jambo refu kwa Kijapani, taratibu, kwa kuuliza. Nikajibu asante. Akauliza tena. Nikajibu asante tena, nikaongeza na kuinama.

"Anasemaje?" Bwana Hango akauliza, kipaza sauti kiko wazi.

Na mimi, sijui ni shetani gani, nikasema mbele ya kijiji kizima, "Anasema amefurahi kuona maji yanatoka, na ametuletea salamu za wazee wa Japani."

Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Yule mama akasubiri mpaka wakanyamaza, akaomba kipaza sauti, akasema, "Wazee wangu, shikamooni."

Marahaba ilitoka kwa watu mia na zaidi, kisha minong'ono. Kumbe aliwahi kuishi Morogoro ujanani, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Jina lake Sachiko.

"Salamu za wazee nimezileta kweli," akasema, na niliona anajitahidi kunisitiri, "ila nilikuwa namuuliza dada huyu kama kitambaa amekishona mwenyewe."

Tungeachia hapo mambo yangepita. Bwana Hango ndiye aliyetaka shughuli yake ikamilike. Akamwomba awaeleze wananchi maana ya maneno. Mama Sachiko akasema labda baadaye. Bwana Hango akasema hapana, wananchi wana hamu. Mama akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Ni maneno ya katuni," akasema kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti hakijui sauti ndogo. "Yanasema, chupi yangu imetoroka tena."

Jamani. Mbele ya mwalimu wa dini. Mbele ya baba mkwe wangu, ambaye alikuwa amekaa kiti cha mbele amevaa koti. Vijana walianguka chini kwa kicheko, upepo nao ukazidi kulijaza lile shuka, na Bwana Hango akawa anaamrisha lishushwe na hakuna anayeweza kufungua kamba kwa kucheka. Mimi nikasimama tu. Nilifikiri hapo ndipo aibu inapoishia.

Mama mkubwa akasimama na fimbo yake. Hakuwa anacheka. Akaja mpaka mbele, watu wakampisha.

"Hadija, kwa hiyo hujui kusoma kile kitabu."

"Sijui, mama mkubwa."

"Na yule binti, ulikuwa unatunga."

"Ndiyo."

"Na kitabu cha pili."

Kicheko kilikuwa kimepungua, na niliona wale wa kibarazani kwangu, Mama Salome na wenzake, wanatazamana. Mtu akichekwa anaweza na yeye akacheka akapona, lakini wao hawakunicheka. Waliangalia pembeni, kama unavyofanya ukimkuta mtu jikoni kwako akifunua sufuria.

Baada ya chakula (sikula) mama Sachiko akaomba kukiona kitabu. Nikampa bila kumtazama usoni. Akakaa kibarazani kwangu na mama mkubwa kando yake, akakigeuza, nyuma kukawa mbele. Akaeleza kwamba vitabu vyao huanzia upande ule, kwa hiyo mimi miezi yote ile nilikuwa natoka mwisho kwenda mwanzo. Halafu akasoma kwa Kiswahili, kuanzia kwenye mvua. Watu wakajaa mpaka barabarani. Walicheka zaidi ya walivyowahi kucheka kwangu, maana kumbe mzimu alikuwa na sababu ya kuona aibu, na hata ile chafya ya mwavuli ilikuwa na maelezo. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta, nasikia tu. Hakuweza kusoma kurasa zote, dereva alikuwa anapiga honi, akarukia zile za mwisho: binti anafungua mlango, mama yake yuko mezani na watu wote, chakula kinafuka mvuke, na mama anamuuliza kwa nini amechelewa.

Mama mkubwa alitoa ncha ya khanga akafuta macho. Wageni walipoondoka akanikuta pale ukutani.

"Miezi miwili," akasema. "Umemwacha mtoto wa watu kwenye mvua miezi miwili, na alikuwa ameshafika kwao."

Nilimwomba msamaha, akaitikia, lakini kibarazani hakurudi mpaka mavuno yalipokwisha. Pampu ya pili ilipelekwa kijiji kingine. Bwana Hango alisema ni mipango ya wilaya, na labda ni kweli, lakini kila nikipishana na mwanamke anayetoka zahanati na ndoo nilikuwa nabadilisha njia, na wapo wanaoamini mpaka leo kwamba maji yale tuliyakosa kwa ajili ya chupi.

Mwaka jana bwana mmoja, mtu mkubwa, alinijia na kitambaa cha suti ya harusi ya mwanawe, akaniuliza kama naweza kushona koti lenye bitana, kile kitambaa cha ndani. Wateja wawili walikuwa wamekaa wananisikiliza. Nilimwambia, "Mzee wangu, koti la suti sijawahi kushona hata moja, siwezi, nenda Singida mjini." Akashangaa, akakunja kitambaa chake, akaenda. Ilikuwa kazi nzuri na niliihitaji. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikamwonyesha na gari la kupanda, asije akabadili mawazo akaniuliza mara ya pili.