Kilio Kwanza, Kioda Baadaye

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ninayoishukuru mpaka leo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa na sukari imerudi madukani, nami nimejipatia viatu vyeupe vya mitumba kwa ajili ya kucheza kioda, ngoma yetu ya wanawake wa ziwani. Vijana wetu walikuwa vitani Msumbiji, ndipo sisi wanawake wa Liuli tukajitolea kwenda kuwachezea ngoma wapate moyo. Lori la jeshi likatupakia na magunia ya usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, likatupitisha Tingi na Liparamba hadi ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa na kiherehere hicho!

Tukawakuta askari wameketi, ugali umepoa mbele yao. Mkubwa wao akasema, "Mama zangu, chezeni tu. Tangu jana vijana hawali wala hawasemi."

Sikungoja. Nikadaka ngoma, nikaanza kupiga. Bibi Agnesi, kiongozi wetu, akanishika mkono.

"We mtoto, tulia. Huoni udongo mbichi ule? Hapa pana msiba." Akamgeukia yule mkubwa. "Baba, mmemzika nani?"

Walikuwa wamemzika mwenzao, kijana wa Mbinga. Wamemzika kwa heshima zote za kijeshi, lakini hakuna mama aliyemlilia. Na kwetu, unajua mwenyewe, mtu asipoliliwa na wanawake huonekana kama katupwa. Bibi Agnesi akajifunga khanga kiunoni, akaketi chini kando ya kaburi. Akaomboleza, "Mayo! Mama wee! Mwanangu mimi!" Kijana mwenyewe hakuwahi hata kumwona. Nasi tukaketi, tukalia, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Askari wakasogea mmoja mmoja, wakaanza kulia, wanaume wazima wale.

Jioni walikula usipa wetu hadi wakalamba vidole. Kisha mmoja akainua ngoma, akampa Bibi kwa mikono miwili. "Sasa, mama, tuchezeeni."

Tulicheza, mwanangu! Namshukuru sana Bibi yule. Angeniachia, ningewapigia wafiwa kelele, kisha ningerudi Liuli najisifu.

Basi ukienda kumtia mtu moyo, usimtangulizie furaha yako. Muulize kwanza kilichompata, uketi naye chini, ulie naye. Akiwa tayari kucheka, atakuambia mwenyewe. Nami nakuombea kwa Mungu: siku ya msiba wako, popote utakapokuwa, usikose mama wa kukulilia.