Mkwe Yumo Ndani

Watu wakisikia nimezaliwa Bagamoyo huanza kuniuliza habari za bahari na samaki. Bagamoyo yangu ni ile ya mjini Tukuyu, yenye matope na migomba, na bahari nimeiona kwenye televisheni tu. Niliolewa huku Isongole, mume wangu akafariki, nikabaki na nyumba ya kupangisha na biashara ya viazi. Wananiita mama Mansuri. Habari ninayoieleza si yangu, ni ya mpangaji wangu Tupokigwe, na ninaieleza kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wasiomjua wakimsema sokoni.

Alikuja mwaka jana, mvua kubwa zikielekea kwisha. Alikaa mbele kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, amempakata bintiye Tulia ambaye hata kusimama alikuwa hajaanza, na mumewe Hezron yuko nyuma ameshikilia godoro lisiruke. Walikuwa wametoka Nkunga. Hezron ni fundi wa kuchomelea, na kule kijijini kazi hiyo ni ya kuokoteza: leo jembe la mtu, kesho bawaba ya mlango wa kanisa, keshokutwa hakuna. Alipopata kazi ya kudumu kwenye karakana ya mageti huko Uyole, Mbeya, aliniambia alilia machozi njiani kama mtoto. Tatizo likawa safari. Kutoka Nkunga alikuwa anaondoka na giza na kurudi na giza, mpaka Tulia akaanza kumlilia kama mgeni.

Kupanga Uyole hawakuweza. Isongole iko katikati, kando ya lami, magari ya Mbeya yanapita tangu alfajiri, na vyumba vyetu ni rahisi kwa sababu ya baridi. Nusu ya wapangaji wa hapa siku hizi ni watu wa namna hiyo. Huku wanalala tu, maisha yao yako Mbeya.

Basi walihama, wakahamisha kila kitu isipokuwa baba yake Hezron.

Mzee Lukasi alikuwa mjane, kifua chake kibovu, na Hezron ndiye kitinda mimba aliyekuwa amebaki naye nyumbani. Siku ya kuhama Hezron alimwahidi kwamba akipata nyumba ya kuwatosha atakuja kumchukua. Nyumba ya kuwatosha maana yake ilikuwa nyumba yenye milango miwili, na hapo lazima nieleze, la sivyo utamwona Tupokigwe mwanamke wa ajabu.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hamtazami baba mkwe wake usoni. Hasemi naye, hakutani naye njiani, hakai naye chumba kimoja. Wao wanaita kutila, yaani kumcha mtu, na mzee naye anamcha mkwe wake vilevile. Wengi wameshaacha, kanisani utawaona wamebanana benchi moja wanaimba. Lakini marehemu mama mkwe wake Tupokigwe alikuwa mshikaji wa mambo hayo, alimfundisha binti huyu tangu wiki ya kwanza ya ndoa, na binti akashika. Mimi sicheki. Sisi Waislamu wa Tukuyu tuna ya kwetu, tena mengine magumu kuliko hayo.

Kule Nkunga jambo hilo halikumsumbua mtu. Nyumba zilikuwa mbili na migomba katikati, kila mmoja na njia yake. Chakula Tupokigwe alipika, wifi yake Prisca aliyeolewa jirani akakipeleka. Mzee akitaka kupita upande wa jikoni alikohoa kwanza, mkwe akapisha. Na walipendana, hilo naomba lieleweke. Ndizi zilizoiva vizuri mzee alizitua kwenye kizingiti cha jikoni akaondoka bila neno, na nyama ikipatikana, kipande kizuri kilikwenda kwake. Miaka yote hiyo hawakuwahi kusemezana hata salamu.

Kwangu wakapata chumba na sebule. Mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa sita, na mwezi wa sita wa Isongole usimwombee adui yako. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, na manyunyu yale yasiyokatika. Mimi nilikuwa nimepeleka viazi Uyole, wapangaji wengine wako makazini au mashambani. Hezron kazini. Mzee Lukasi, ambaye alikuwa amemkumbuka mjukuu wake mpaka akashindwa kula, alibeba mkungu wa ndizi akapanda gari peke yake. Prisca alikuwa ametoka kujifungua, hakuweza kumsindikiza, na mzee hakumuaga mtu kwa sababu alijua Hezron angemkataza. Aliulizia njiani mpaka akafika uani kwangu. Akakohoa.

Tupokigwe alikuwa anamwogesha mtoto. Aliniambia kikohozi kile alikitambua hapo hapo, akafurahi, kisha akakumbuka mlango ni mmoja. Alimpigia Hezron, simu ikaita mpaka ikakatika, maana karakanani wakiwasha mashine za kukatia vyuma hata radi huisikii. Akapiga tena na tena. Namba yangu hakuwa nayo, tulikuwa bado hatujazoeana. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo niliyoifudikiza ukutani, chini ya bati linalovuja, na koti lake moja.

Sasa sikiliza walichofanyiana. Upande wa mwanamke nilielezwa na mwanamke, upande wa mzee nilielezwa na mzee, na wala hawakuwa wamezungumza.

Tupokigwe alifikiri hivi: nitaufungua mlango wazi kabisa, nitaingia chumbani na kushusha pazia, baba ataona nafasi ataingia akae sebuleni kwenye jiko la mkaa. Kukaa pamoja na pazia tu katikati ilikuwa tayari ni kuvunja, lakini alisema Mungu atamwelewa. Akaweka blanketi juu ya kochi, akajaza chai kwenye chupa, akafungua mlango, akakimbilia chumbani na mtoto.

Mzee yeye aliona mlango umefunguka. Akafikiri: mkwe wangu anataka kutoka, labda anakwenda chooni, na mimi nimemzibia njia. Kwa adabu yake yote akainuka, akatoka kwenye ule ukingo wa bati, akavuka ua akaenda kusimama kwenye matuta ya viazi, ameipa nyumba mgongo. Manyunyu yanamwangukia.

Mkwe akasubiri kusikia hatua. Kimya. Baridi ikaingia, mtoto akaanza kulia, akachungulia pembeni ya pazia akaona ndoo haina mtu. Akadhani mzee amekataa, amekwenda kutafuta pa kukaa kwa majirani. Akafunga mlango. Mzee aliposikia mlango umefungwa akajua mkwe amesharudi ndani, naye akarudi kwenye ndoo yake, amelowa. Akakohoa kumjulisha kwamba yupo.

Mkwe akafungua tena.

Sijui walifanya hivyo mara ngapi. Kila mlango ulipofunguka ili aingie, mzee alikwenda kulowa. Unayesoma hapo umeshasema angepaza sauti, angejifunika kitenge akatoka, angefanya hili au lile. Naye amejiambia hayo yote, tena kwa maneno makali kuliko yako. Kule Nkunga Prisca angepita, au mtoto wa jirani, akasema maneno mawili na mambo yakaisha. Huku hapakuwa na mtu wa kusema hayo maneno mawili.

Mimi nilirudi alasiri. Nilimkuta kwenye matuta, suruali imegandamana na miguu, midomo imebadilika rangi.

"Mugonile, tata," nikamsalimia, nikidhani ni mzee aliyepotea. "Mbona mvuani?"

"Ndaga, mwanangu. Namngojea Heseloni." Meno yalikuwa yanagongana. "Nimempisha mukwe wangu. Mukwe yumo ndani, anataka kutoka."

Nilimshika mkono nikamvuta jikoni kwangu, nikachochea moto mpaka ukapiga bati. Nilipokwenda kugonga kwa Tupokigwe nilimkuta amekaa sakafuni nyuma ya pazia, chupa ya chai ameikumbatia. "Ameingia?" akaniuliza. "Ameingia kwako?" Nikamwambia ndiyo, yuko kwenye moto. Akaanza kulia kwa sauti, na mimi nilikuwa na hasira zangu, sikumbembeleza.

Hezron aliporudi na kumkuta baba yake anatetemeka chini ya mablanketi yangu mawili, alitoka mpaka uani akapiga kelele kila nyumba ikasikia. "Baba yangu unamwacha nje kama mbuzi? Mbuzi wenyewe watu wanawaingiza!" Mzee ndiye aliyejibu kutoka jikoni kwangu, kwa sauti iliyobaki.

"Usimgombeze. Yule ana adabu. Amefungua mlango mara nyingi, na mimi nimempisha. Ungeniletea mukwe mwingine ningekataa."

Nilimtazama yule mzee nikataka kumpiga na mwiko. Wote wawili ningewapiga.

Usiku homa ikapanda, asubuhi pumzi ikawa fupi. Tulimshusha hospitali Tukuyu. Wakasema mapafu, wakamlaza, wakamwekea dripu na hewa ya kusaidia. Hezron alikaa naye siku ile, lakini alikuwa bado mgeni kazini na msimamizi wake alikuwa amemwambia wazi kwamba wanaoitaka nafasi ile wako getini. Prisca kitandani na kichanga. Ndugu wengine wako Dar, wanatuma pole kwa simu. Wodini mgonjwa bila mtu wake hali, haogi, hageuzwi.

"Mama Mansuri," Tupokigwe akaniambia, "nitakwenda mimi."

"Utaweza?"

"Nimeshamwacha nje mara moja."

Nilimsindikiza siku ile ya kwanza. Wodi ya wanaume, vitanda vimepangana, hakuna pazia wala kona. Aliingia akitazama sakafu, Tulia mgongoni, kikapu cha uji mkononi. Mzee alipomwona anakuja, alinyanyua mkono wenye sindano, polepole, akalivuta shuka mpaka juu ya kichwa. Mkwe akakaa kwenye stuli akampa mgongo. Akakipitisha kikombe nyuma yake bila kugeuka, akangoja. Mkono ukatoka chini ya shuka ukakichukua. Wagonjwa wa jirani walikuwa wanatazama kama sinema, kijana mmoja akacheka, nikamkata jicho akanyamaza.

Hivyo ndivyo alivyomuuguza. Alifua, alimwaga choo, alimnywesha kwa kupapasa, na wote wawili hawakuonana nyuso. Nesi mmoja wa zamu, Lilian, msichana wa Mbeya, alimwambia avue huo ushamba, mgonjwa anahitaji hewa. Lilian alikuwa akilishusha shuka, akiondoka mzee analipandisha. Lakini hali ilionekana kupata nafuu. Alikuwa anamaliza uji. Tupokigwe alirudi nyumbani jioni moja ana uso wa binadamu, akaniambia Hezron ameanza kuulizia nyumba yenye milango miwili hapa hapa Isongole, na kwamba yeye ameamua atasema na baba.

"Utasema nini?"

"Nitamwambia ule mlango nilikuwa namfungulia yeye. Hajui. Anadhani nilikuwa nataka kupita."

Nikamwambia aseme, na asingoje.

Asubuhi iliyofuata alifika na uji wa ulezi. Mzee alikuwa ameshajifunika. Tupokigwe alikaa kwenye stuli yake, akampa mgongo, akaweka kikombe pembeni ya mto kwa sababu mkono haukutoka, akafikiri amelala au hana hamu. Akamshusha Tulia akamkalisha kitandani miguuni mwa babu yake. Kisha akasema. Alianza kwa Kinyakyusa cha heshima, akaomba radhi kwanza kwa kufungua kinywa. Akamweleza blanketi alilotandika kwenye kochi, na chai, na kwamba alikuwa nyuma ya pazia anasikiliza hatua zake. Akamwambia hakuwa anakwenda popote, pale ndani palikuwa pake, na hata sasa ni pake. Akamwambia kuhusu kifo cha mama mkwe na jinsi alivyomlilia peke yake jikoni. Akamwambia Tulia amepata jino. Mambo ya miaka yote aliyatoa, ametazama ukuta, na mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kama alivyotarajia mzee mwenye adabu amsikilize.

Lilian alikuja na dawa. Akamuuliza mgonjwa ameamkaje, Tupokigwe akajibu yupo, amejifunika tu. Lilian akasonya, akalishusha shuka. Akalipandisha tena yeye mwenyewe.

"Dada, umekaa hapa tangu saa ngapi?"

Tulimzika Nkunga, katikati ya migomba. Sokoni wanasema Tupokigwe alimwua baba mkwe wake kwa baridi, na wako wanaosema alimwua kwa kumsemesha, maana siku aliyovunja mwiko ndiyo siku aliyokufa mzee. Ndugu wa Dar walikuja na suti, nao wakakaa upande wa hawa wa pili. Hezron anapanda gari la Mbeya alfajiri na kurudi na giza. Tulia ameanza tena kumwogopa.

Tupokigwe bado ni mpangaji wangu. Juzi tulikuwa tunachambua viazi vya mbegu, mimi na yeye, akaacha mikono ndani ya kapu.

"Nilimwambia yote, mama Mansuri," akasema. "Ila sijui alisikia mpaka wapi."