Sukari ya Baba Ilikuwa Ngapi

Baba alilazwa siku ya Jumatatu, na mpaka leo sijui kwa hakika sukari yake ilikuwa ngapi wiki ile.

Aliletwa hospitali ya mjini kutoka kwetu Magu kwa gari la jirani, miguu imevimba, viatu kavipakata. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mkulima wa pamba na mpunga, na kisukari alikuwa nacho miaka mingi. Alimeza vidonge vyake, lakini ugonjwa wenyewe hakuupa heshima. "Nina sukari kidogo," alizoea kusema, kama mtu anayekutajia mbuzi wake wachache. Safari hii alikuwa ametapika siku tatu mfululizo. Nilipompa shikamoo na kumshika mkono, kiganja kilikuwa cha baridi na kimepauka.

Katika watoto wake, mimi ndiye ninayeishi mjini. Nakaa Kiseke, nina kibanda cha ushonaji Mkuyuni, na kaka zangu wote wako shambani. Hakuna aliyeuliza nani atamuuguza. Nilifunga kibanda, nikabeba beseni, kanga na chupa ya chai.

Wodini walimpima sukari kwa kidole asubuhi, mchana na jioni. Nesi alifuta kidole kwa pamba yenye spiriti, akachoma, akaminya tone la damu na kuligusisha kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye kimashine. Baada ya sekunde chache namba ilitokea. Mimi nami niliiandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya wateja, kwa sababu kila jioni mama alipiga simu kutoka nyumbani na swali moja tu.

"Leo ngapi?"

Nikimwambia, aliirudia kwa sauti ili waliokaa naye wasikie.

Jumanne mchana nesi alikiangalia kimashine, akakunja uso. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mchangamfu, mwenye haraka.

"Ishirini na moja. Mzee amekula nini?"

"Papai," nikasema. "Vipande viwili."

"Papai gani hilo la kumpandisha hivi!"

Akaondoka, akarudi na sindano ya insulini. Alikuwa ameshamfunua baba tumbo pale sista mkuu wa wodi alipopita, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Hakuitazama sindano. Alitazama vidole vya baba.

"Shikamoo mzee. Hilo papai ulikula kwa kijiko?"

"Marahaba. Kijiko cha nini, nina mikono!"

Sista akaniambia nimnawishe kwa sabuni na nimkaushe vizuri. Akachoma kidole cha mkono wa pili mwenyewe, akafuta tone la kwanza, akapima la pili. Saba nukta tisa.

"Lakini si alifuta kwa spiriti?" nikauliza.

"Spiriti haiondoi utamu wote. Mlipima papai pamoja na damu."

Nesi aliiondoa ile sindano. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikiwaza insulini ile ingemshusha sukari mpaka wapi. Baba ndiye peke yake aliyecheka.

Jioni mama akapiga. Nilimwambia ishirini na moja, halafu saba.

"Kwa siku moja?"

"Kwa dakika kumi, mama."

"Basi hiyo mashine ni mbovu."

"Si mbovu. Ni papai."

"Papai limefanyaje?"

Nilijaribu kueleza, nikasikia maelezo yangu mwenyewe hayaingii akilini.

Tangu hapo nikawa mlinzi wa mikono ya baba. Kabla ya kila kipimo nilileta beseni, sabuni na kanga safi. Namba zikatulia: saba, nane, sita na nusu. Kufikia Jumatano jioni nilijiona nimekielewa kisukari chote.

Alhamisi asubuhi nikamsalimia kwa Kisukuma, kama tulivyozoea. "Mwangaluka, baba."

"Mwadila," akajibu.

Hiyo ni salamu ya mchana. Nikadhani ananitania. Kisha akaniuliza kama pamba imeshapakiwa, maana mawingu yamefunga. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mpaka kwenye kola, na vidole vilikuwa vikitetemeka. Nikamwita nesi, yule yule wa papai. Safari hii alisimama akanisubiri nimnawishe baba, akamkausha yeye mwenyewe, akachoma, akafuta tone la kwanza. La pili lilitoka jepesi, limefifia.

"Sita nukta mbili. Sukari iko vizuri kabisa."

"Mbona yuko hivi?"

"Labda malaria imempanda kichwani. Nitamwandikia daktari, apimwe."

Hapa ndipo ninapojilaumu. Nilikaa. Nililifungua daftari nikaandika sita nukta mbili, nikaipigia mstari. Mikono ilikuwa safi, niliinawisha mwenyewe. Kama sukari ilikuwa nzuri, basi kilichokuwa mbele yangu kilikuwa kitu kingine, uzee, homa, au macho yangu yaliyokosa usingizi. Niliangalia namba, nikamwangalia baba, nikairudia namba. Viwili hivyo vilikataa kukaa pamoja.

Baba akanishika mkono wa gauni, akaanza kuvuta uzi uliochomoza.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akaniuliza kwa upole.

Niliinuka nikakimbia. Daktari alikuwa mwisho wa wodi, kwenye raundi. Sikumbuki nilimwambia nini, nakumbuka tu kwamba alikuja kwa hatua ndefu. Alimgusa baba paji la uso, akamvuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe. Akafunua faili mpaka kwenye majibu ya damu ya siku aliyolazwa.

"Damu yake ni kidogo mno hii," akasema. Akachota damu kwenye mshipa wa mkono, akaagiza ikimbizwe maabara, na papo hapo akaomba glukosi ya kupitisha mshipani.

"Lakini daktari," nesi akasema, "kidole kimesoma sita nukta mbili."

"Nimesikia."

Hakusubiri majibu. Glukosi iliingia, na kabla sijamaliza kumfuta jasho, baba alifumba macho, akafumbua, akaniita kwa jina langu. Akauliza ninalia nini.

Majibu ya maabara yalipofika yalisema mbili nukta tatu, wakati hata chini ya nne ni hatari.

Mchana daktari alinieleza, akiwa amesimama kwenye korido. Kimashine kile hukadiria sukari kwa damu yenye unene wa kawaida. Damu ikipungua sana, kama ya baba, kinaweza kuonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo. Tena figo zake zilikuwa zimechoka, hazitoi dawa mwilini upesi. Vidonge alivyomeza nyumbani vilibaki mwilini vikiendelea kuishusha sukari huku sisi tukisoma kwamba iko vizuri.

"Kwa hiyo zile namba zote tangu Jumatatu zilikuwa za uongo?"

"Sijasema za uongo. Zinatupa mwanga."

"Ile saba nukta tisa, baada ya kunawa?"

"Huenda ilikuwa sita. Huenda tano. Siwezi kujua leo."

"Na ya papai?"

Alitabasamu kidogo, akatikisa kichwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jioni mama alipopiga, daftari sikulifungua. Nilimpa baba simu, wakaongea habari za mpunga.

Kaka mmoja alikuja kutoka Magu, tukatoa damu mimi na yeye, na baba akaongezewa chupa mbili. Vidonge vyake vya zamani vilisimamishwa, akapewa dawa nyingine. Tangu asubuhi ile walichota damu ya mshipani kila walipokuwa na shaka, na yule nesi alijenga tabia ya kumsemesha baba kwanza kabla ya kumchoma. Siku ya kumi tuliruhusiwa.

Baada ya mwezi tulirudi kliniki. Baba alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Nilikuwa nimenunua kimashine cha nyumbani, nikaomba tukilinganishe na kipimo cha maabara. Changu kilisema nane nukta nne, maabara ikasema saba nukta sita. Daktari akasema tofauti hiyo inakubalika.

"Sasa sukari ya baba ni ipi?"

"Ni hapo hapo, katikati."

Nilitoka nikijaribu kufikiri mtu anaishije katikati ya namba mbili. Baba alisema ana njaa, tukaingia mgahawani kula ugali na sato. Mchuzi ulikuwa wa moto, wenye pilipili. Alipofika nusu ya samaki nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nikaweka tonge chini.

"Baba, unajisikiaje?"

"Najisikia nakula."

"Leo ni siku gani?"

Akatoa mwiba mdomoni. "Siku ya kula samaki. Wewe unaumwa?"

Kimashine kilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikigusa, nikakiacha, nikaendelea kumtazama mpaka alipomaliza mkia.