Boksi Juu ya Tao

"Umelitoboa! Umelitoboa tao la watu kama unatundika kalenda!"

Huyo ni kaka yangu, fundi wa mabango, akimfokea mdogo wetu wa mwisho mbele ya duka la dawa. Watu wamejaa, kazi zao wameziacha.

Kaka si mtu wa papara. Ukimpa kazi, kwanza anakaa ng'ambo ya barabara kulitazama jengo, utadhani anataka kuliposa. Hili ni la zamani: mlango wa tao, na juu yake maua ya chokaa yaliyofinyangwa kwa mkono. Alikata herufi za karatasi, akazibandika kwa gundi ya unga, akavuka, akatazama, akarudi kuzibandua. Nene mno. Zinabana maua. Mwishowe akazipata: nyembamba, zinalifuata tao bila kugusa ua hata moja. Za kudumu zingekuwa za shaba.

"Kaka, leo jengo limevaa hereni," nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwenye duka akasema atafikiri. Kumbe Kitinda, ndivyo tunavyomwita mdogo wetu, ameshapita mlango wa nyuma. Baba alipofariki, ni kaka huyuhuyu aliyemlea, akamfundisha hata kushika brashi. Kitinda akamwambia mwenye duka, "Ya kaka ni mapambo ya wazee. Mimi nakuwekea boksi la plastiki linalowaka, wiki hiihii." Akaliweka kweli. Kubwa kama jeneza, kijani cha kuumiza macho, limefunika tao zima, na skrubu kazizamisha humohumo kwenye maua.

"Kaka, hii ni biashara tu."

"Biashara ungeniambia mezani. Jana tumekula sahani moja!"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Na wewe ulijua, ndiyo maana ukanyamaza."

Kitinda akanitazama mimi, nikatazama pembeni. Nimtetee kwa lipi? Basi akamnyooshea kaka drili, ile aliyoiazima kwake mwaka jana na kila siku anaahidi kuirudisha. Ilikuwa na vumbi jeupe la maua.

"Chukua chako, tusidaiane."

Kaka hakuigusa.

"Kaa nayo, nimekusamehe," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Sitaki uwe na sababu ya kunibishia hodi."