Gari Walilolikataa Waingereza

Mimi shule niliachia darasa la tatu, na hilo halijanizuia kuandika. Nimekuwa dereva Doha, Qatar, tangu maghorofa ya West Bay ni machache, na nyumba niliyoitumikia miaka yote hiyo ilikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Mwenye nyumba tulimwita Baba, kama wafanyakazi wa majumbani huku wanavyowaita mabosi wao, ijapokuwa mimi na yeye ni rika moja.

Baba alikuwa na gari la Kiingereza alilolinunua ujanani, akisoma huko Uingereza. Alilipata kwa bei ya kutupa kwa sababu Waingereza wenyewe walilikataa. Lilikuwa na sura ya mkate uliokaliwa, na kiwanda kiliacha kulitengeneza kabla watu hawajalizoea. Yeye akalipakia melini akaja nalo. Mtunzaji nikawa mimi. Usukani wake uko kulia, kama magari ya kwetu Kenya, na madereva wengine wa pale wakitaka kulijaribu walifungua mlango wa kushoto, wakaketi vizuri, ndipo wakaanza kutafuta usukani.

Mlinzi wa geti, Mganda mwenye mdomo, kila nikilipiga polishi aliniuliza kama hilo ni gari ama ni sufuria. Nilimwambia sufuria ni ile inayompikia posho.

Juzijuzi familia ikawa inahamia Lusail, mji mpya kaskazini mwa Doha. Mwana mkubwa wa Baba, ambaye siku hizi ndiye msemaji wa nyumba, akaamua magari yote yaende isipokuwa hilo. Alishamwita mtu wa vyuma chakavu. Baba alikuwa pale kwenye kiti chake cha magurudumu, akasikia, akainamisha kichwa. Niliumia kumwona hivyo.

Mimi sikuinamisha changu. Nilimwambia yule mwana kwamba kitu kukosa wanunuzi si kufa, na kama ingekuwa hivyo mimi ningezikwa zamani. Akacheka.

"Ami," akasema, yaani baba mdogo, maana ndivyo alivyoniita tangu utoto wake, "likifika Lusail lenyewe, bila kusukumwa wala kukokotwa, litabaki. Likizima njiani, linachukuliwa hapo hapo."

Ilikuwa mchana wa Julai, lami inanata. Alijua anachosema.

Baba akataka kwenda nami. Nikambeba, nikamweka kiti cha kushoto, tukaondoka. Nyuma yetu mwana na gari lake jipya, na nyuma yake lori la vyuma chakavu, linafuata kama fisi.

Barabara ikiwa wazi, gari lilikwenda. Tatizo ni foleni. Kwenye taa, injini haipati upepo, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Dereva yeyote aliyewahi kupanda milima ya kwetu na rejeta mbovu anajua la kufanya: unafungua hita. Hita hunyonya joto la injini na kulimwaga ndani, kwa abiria. Na Waingereza, kwa ile baridi yao, waliiweza hita.

Nikaifungua yote. Gari hilo halina kiyoyozi. Madirisha tulishusha, lakini nje nako kulikuwa tanuri. Kanzu ya Baba ikamganda mwilini. Mshale ukasita, ukakaa pale pale. Nikamuuliza kama nipunguze.

"Ongeza," akasema.

Hakukuwa na ya kuongeza. Nikaendesha.

Tulipoingia geti la nyumba mpya injini ilikuwa bado inanguruma. Mwana akashuka mbio, akamwona babaye alivyolowa, akanifokea kwamba nilitaka kumuua. Baba akaomba maji, akanywa yote, kisha akamuuliza mwanawe gari litalala wapi. Akajibiwa litawekwa nyuma ya jiko, wageni wasilione.

"Hukusema litafichwa," nikamwambia. "Ulisema litabaki."

"Watu watatucheka, Ami."

"Wacheke. Wa kwanza kulicheka walikuwa wenye kiwanda, na leo kiwanda hakipo."

Baba akanyoosha mkono kuelekea mlango mkuu. Basi nikalisogeza hadi pale mbele, chini ya kibanda cha kivuli ambacho mwana alikijenga kwa ajili ya gari lake jipya, nikazima injini kwa hiari yangu, nikatia ufunguo mfukoni. Lori likageuza, tupu. Gari jipya likakaa juani.