Punda Nilimnunua, Njia Yake Sikuinunua

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyonunua punda. Hadi leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio, na nimefika umri ambao daktari angependa moyo wangu utembee polepole. Acha ukimbie. Juzi nilikusikia ukinung'unika kwamba vocha za serikali zinawapita nyinyi wenye mishahara: tajiri ana chake, maskini ameandikiwa chake, na mtu wa katikati ameachiwa bei. Nikacheka kimoyomoyo, kwa sababu wimbo huo niliuimba mimi kabla hujazaliwa, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Sogeza kiti.

Ilikuwa miaka ya tisini, Garissa, mwaka wa ukame. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye sauti nyingi na subira kidogo. Mume wangu alikuwa karani wa ofisi ya mifugo. Sote wawili tulitoka Maragoli, ambako mvua inanyesha mpaka watu wanaiomba ipumzike, na punda nilimjua kwenye picha ya kitabu. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa serikali, zile ambazo kila mtu aliziita kota, pamoja na wauguzi, walimu na makarani wenzetu.

Mabomba ya kota mwaka ule yalikoroma tu. Maji yetu yalitoka mto Tana yakiwa juu ya mikokoteni ya punda, mitungi minane ya plastiki kwa safari. Muuzaji wetu alikuwa mzee mpole aitwaye Noor. Alianzia bula ya nyuma ya soko, mtaa wa watu maskini walioingia mjini baada ya mifugo yao kufa, kisha akamalizia kwetu. Bei tuliijua, naye alitujua, na maisha yalikwenda.

Ndipo serikali ikaleta vocha ya maji. Ilikuwa kikaratasi cha rangi ya waridi chenye muhuri, na kila familia maskini ilipewa kadhaa kwa wiki. Unampa mwenye mkokoteni kikaratasi kimoja, anakushushia mitungi minne, naye kila Alhamisi anavipeleka vikaratasi ofisini na kulipwa pesa nzuri. Nzuri kweli, kupita tulizokuwa tukilipa sisi. Mwanangu, ungewaona wenye mikokoteni siku ile ya kwanza. Vumbi lilitanda kutoka mtoni mpaka sokoni, punda wakitimka, watu wakiitana, kila mmoja anakimbilia bula. Nilisimama kando ya barabara nikashangilia kama wengine, kwa kuwa ni furaha kuona mtu aliyekuwa akiomba maji sasa anabembelezwa apokee.

Nilishangilia mpaka jioni, nilipogundua kwamba hakuna mkokoteni hata mmoja uliofika kota.

Kesho yake ulifika mmoja, na bei ilikuwa maradufu. Baada ya wiki ilikuwa mara tatu. Wenye mikokoteni hawakuwa na kosa. Nani aache malipo ya uhakika aje kubishana na mimi? Lakini hesabu ya nyumbani haijui nani ana kosa. Tuliacha nyama, kisha tukaacha sukari ya chai ya pili. Nilifua sare za watoto kwa maji yaliyooshea vyombo, zikatoka na harufu ya kitunguu. Kwenye kamba za nguo tulikutana wanawake wa kota tukilaani kikaratasi kile. Tulisema serikali inawanywesha watu wa bula kwa migongo yetu. Wengine walitamani kuandikisha majina yao kwenye orodha ya maskini, na mmoja alikwisha kutafuta kanga iliyochanika ya kuvaa siku hiyo.

Mimi sikutaka kujifanya maskini. Kiburi changu hakikuruhusu. Nilikuwa na wazo bora zaidi, na lilinijia darasani nikifundisha hesabu, nusura niache chaki hewani. Kama mikokoteni haiji kwangu, ninunue mkokoteni.

Tulikuwa tumeweka akiba ya kununua friji. Mume wangu aliponiuliza kama kweli naacha friji ninunue punda, nilimuuliza friji bila maji itagandisha nini. Akaenda kunitolea akiba ile. Alifanya kazi ofisi ya mifugo, lakini punda wake wote walikuwa kwenye faili.

Jumamosi asubuhi nilimfuata Noor mtoni, nikamtajia bei ya punda na mkokoteni wake kwa pamoja. Alikuwa na ndoto yake ya siku nyingi, kufungua kibanda cha chai kule Hagadera kwenye kambi ya wakimbizi, apumzishe miguu. Nilijua ndoto hiyo, ndiyo maana nilitaja bei ya kumtoa mtu njiani. Akakubali. Alimpapasa punda shingoni, akanikabidhi kamba.

"Maalim," akaniambia, kwa Kiswahili chao ambacho punda ni bunda, "hii bunda iko na akili. Wewe fuata yeye tu."

Nimfuate punda? Mimi, mwenye cheti cha ualimu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikuwa na miguu miwili ya kuvunja.

Nilijaza mitungi minane, nikashika kamba, nikaanza safari. Mwanangu, nilikuwa na raha isiyo kifani. Mwalimu mzima katika gauni la maua, ninaongoza punda katikati ya mji, na wanafunzi wangu wanajificha nyuma ya vibanda wakicheka mpaka wanakaa chini. Niliwapungia mkono. Nilijiona nimeishinda serikali, ukame na soko kwa pamoja.

Tulipofika njia panda, kota ikiwa kushoto, punda akakata kulia. Nilivuta kamba. Akanivuta yeye. Akapita nyuma ya soko, akaingia bula, akasimama mbele ya lango la mabati kuukuu, akaganda. Nilimsukuma, nikambembeleza, nikamchapa na kandambili. Alitazama mbele kana kwamba mimi ni nzi.

Lango likafunguka. Alitoka bibi mmoja mwembamba, Mama Dahabo, mkononi ana kikaratasi cha waridi na usoni ana tabasamu. Aliponiona mimi badala ya Noor, tabasamu likapungua. Nilimwambia kwa ukali wa mtu mwenye aibu kwamba punda huyu si wa biashara tena, nimemnunua, na maji haya ni ya nyumbani kwangu. Hakubishana. Alibaki amenyoosha mkono wenye kikaratasi, akitazama mitungi. Nilipata wanaume wawili wapita njia, wakausukuma mkokoteni kwa nyuma mpaka punda akashindwa kuzuia, nikaenda zangu.

Siku ile tulioga kota, tukaoga tena kwa sababu tu tunaweza. Majirani walikuja kumtazama punda kama bibi harusi, na kabla ya jua kuchwa wenzangu watatu walikuwa wamekwenda kutafuta mikokoteni ya kununua na wao. Nilitoa ushauri bure. Nilijisifu, mwanangu, na sitakuficha.

Jumapili baada ya kanisa nikarudi mtoni, na punda akanipeleka pale pale, lango lile lile. Safari hii Mama Dahabo alikuwa ananisubiri nje, amekaa juu ya mtungi mtupu. Hakuinua sauti. Watu wenye kelele kama mimi huumizwa zaidi na sauti ndogo.

"Maalim," alisema, "bunda umenunua. Sawa, besa ni yako. Njia yake hukununua."

Nilianza kumweleza kuhusu bei za kota. Aliniacha nimalize, kisha akanionyesha vikaratasi vyake, vinne, vipya, havijatumika.

"Serikali imenibatia karatasi. Wewe umenunua miguu ya karatasi. Binti yangu amezaa siku tisa leo. Jana mtoto ameoshwa na maji ya kikombe ya jirani. Leo nimuoshe na hii karatasi?"

Ndani ya ua nilimsikia mtoto akilia kile kilio chembamba cha watoto wachanga. Nilikuwa nimezaa mara mbili, nikaogeshwa kwa maji ya moto na mama yangu mwenyewe, beseni mbili asubuhi na mbili jioni. Na jana, wakati naoga mara ya pili kwa furaha tu, yule mtoto alipanguswa kwa maji ya kikombe. Niliona aibu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi sikuwa hata mwenye shibe. Nilikuwa na kiu kama yeye, ila pesa yangu ilikuwa na mbio zaidi.

Nilishusha mitungi minne. Niliibeba mwenyewe mpaka ndani, nikaimimina kwenye pipa, nikarudisha mitungi mitupu juu ya mkokoteni. Na hapo, mwanangu, mtungi wa mwisho ulipogonga ubao, punda akaondoka. Bila kuambiwa. Akaenda mpaka lango la tatu, akasimama. Nikashusha minne iliyobaki. Akageuka mwenyewe kuelekea mtoni. Kumbe alikuwa na daftari lake kichwani, mlango kwa mlango, na ukaidi wote ule ulikuwa ni uaminifu. Wanasema fadhila za punda ni mateke. Wangu alinipa darasa, nami nilikimbia nyuma yake nikicheka na kulia.

Safari ya pili alimaliza bula. Safari ya tatu, jua likielekea magharibi, akakata kushoto peke yake akanileta kota, kama alivyozoea kwa Noor. Mfukoni nilikuwa na vikaratasi vinne vya waridi, na nyumbani nilikuwa na mitungi minane.

Jioni ile niliwaita wenzangu watatu, ambao nao walikuwa wameshapata punda. Niliwaambia tulichofanya: mji una vocha nyingi na punda wachache, ndiyo maana bei imepanda, na sisi tumewaondoa barabarani punda wale wale wachache. Tukiendelea hivyo bula itabaki na karatasi, na kota itabaki na punda waliofungwa kwenye miti wakila majani ya bei. Nikapendekeza kila punda wa kota apeleke maji bula kwanza, apokee vocha, kisha alete ya kwetu. Muuguzi mmoja alisema hakusomea kuuza maji. Nilimwambia hata mimi, na kwamba wanafunzi wangu wamekwisha kuniita Maalim Bunda, kwa hiyo heshima yangu imekwisha kutangulia, yake iifuate. Alicheka, akakubali. Vocha zile zililipa chakula cha punda na zikabakiza, na maji ya nyumbani tukawa karibu hatuyalipii.

Wiki chache baadaye nikamwona Noor anaingia mjini kutoka njia ya Hagadera, amevikwa vumbi, na nyuma yake punda wanne wamefungwa kwa kamba moja. Kibanda cha chai kilikuwa kimemshinda, na habari za bei zilikuwa zimefika mpaka kambini.

"Chai ni kazi ya kukaa," aliniambia. "Mimi kukaa sijui. Na nimeskia mjini bunda sasa ni dhahabu."

Hakuwa peke yake. Bei ile tuliyoilaani ndiyo iliyowaita. Punda walikuja kutoka Hagadera, kutoka vijiji vya kando ya mto, mpaka kutoka Tarbaj huko mbali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na safari hii mgeni alikuwa na masikio marefu. Kabla mvua hazijanyesha mtungi wa kota ulirudi karibu na bei yake ya zamani, na bula ilikuwa bado inapata maji yake ya vocha. Sijawahi kushangilia kushuka kwa bei namna ile. Nilipika pilau. Mama Dahabo alikuja, amembeba mjukuu wake mgongoni, mnene, anang'aa kwa mafuta, ameoga.

Basi, mwanangu, lako ni hili. Vocha ikitoka na jina lako halimo, usikimbilie kuchukia aliyeandikwa, wala usijichanie kanga. Na usinyamaze pia, maana machungu ya mtu wa katikati ni machungu kweli. Nimefua sare kwa maji ya vyombo, nayajua. Lakini uliza swali sahihi. Uliza punda ni wangapi. Karatasi haibebi maji, haifundishi darasa, haitibu mgonjwa. Kuna mtu mahali fulani anayebeba, na kama watu hao hawaongezeki, bei itampanda aliye karibu, na huyo ni wewe. Ukiwa na pesa kidogo na akili kidogo, zitumie kuongeza mkokoteni mmoja barabarani. Usiutoe uliopo. Mimi niliutoa, na mtoto wa siku tisa akanilipia.

Mungu akupe riziki pana na maji yasiyokatika nyumbani mwako. Akupe sauti ya kudai haki yako na masikio ya kusikia ya mwenzako. Na siku utakapotaka kulipita lango la mwenye shida bila kusimama, mwanangu, Mungu akujalie punda mkaidi.